Nswa wa Katekista

Katekista alipoingia katika nyumba ya watu, kitu cha kwanza alichotafuta ni jogoo. Hata kama ameitwa kumwombea mgonjwa, hata kama maiti bado iko ndani, macho yake yalipita juu ya vichwa vya watu na kuzunguka uani. Akimwona jogoo mwekundu, mwenye manyoya membamba ya shingo yanayong'aa kama waya wa shaba, sala ilikuwa ndefu na nzuri. Akiona kuku weupe, wale wa kununuliwa wakiwa vifaranga ndani ya boksi, sala ilikuwa fupi. Mtaa wetu wote ulilijua jambo hilo.

"Katekista, leo utaombea mama ao utaombea jogoo?" jirani mmoja alimwuliza mlangoni.

"Nitaombea bote mbili. Mama apone, na jogoo anipatie tumanyoya tatu. Haitamuuma."

Alimshika jogoo kwapani kama mtoto wa kubatizwa, akachomoa manyoya matatu, akayalaza katikati ya kurasa za kitabu chake cha nyimbo. Ukikifungua kitabu kile wakati wa misa, manyoya yalikuangukia mapajani. Katika nyimbo za Pasaka, manyoya. Katika nyimbo za mazishi, manyoya.

Sijui alizaliwa wapi, na sikuwahi kumwuliza. Nilipopata akili alikuwa tayari mzee, tayari mjane, tayari na lile koti la kahawia lenye vifungo vya rangi nne. Alitufundisha katekisimu Jumamosi, alisimamia sala za matanga, na siku nyingine zote alivua samaki. Watu wengine walivua kwa funza au kwa kidonge cha bukari, ugali wetu. Yeye alivua kwa mdudu wa kutengeneza, kazi aliyofundishwa ujanani na padri mmoja mwenye ndevu, mtu wa nchi za baridi, ambaye kwao walivua hivyo.

Mdudu mwenyewe alikuwa nswa. Nswa ni wale mchwa wenye mabawa wanaotoka ardhini mvua za kwanza zikinyesha. Siku hiyo Lubumbashi nzima huwala. Watoto huwaokota kwa makopo, mama zao huwakaanga kwa chumvi, kuku hushiba hadi hawawezi kukimbia, na wale wanaoangukia majini huliwa na samaki. Katekista alisema ni siku moja tu katika mwaka ambapo mtu, kuku na samaki wanakaa meza moja. Kwa hiyo alitengeneza nswa wa kuangukia majini siku zote.

Mwili aliukata kwenye sapatu iliyokatika, ile ya mpira mwepesi, kipande kidogo kama punje ya muhindi. Alikifunga juu ya ndoana ndogo kwa uzi aliouvuta kwenye gunia. Mabawa aliyakata kwenye mfuko wa plastiki wa maji ya kunywa, mawili, marefu kupita mwili, maana nswa halisi ana mabawa yasiyomtosha. Kisha alichukua unyoya mmoja wa shingo ya jogoo, akauzungusha mara tano mbele ya mabawa, hadi vinyuzi vyake vikasimama pande zote kama miguu. Miguu hiyo ndiyo iliyombeba mdudu juu ya maji asizame. Kazi yote hiyo aliifanya ndoana ikiwa imebanwa na koleo kuukuu, mikono ya koleo imefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Mwishowe alipaka nta, na hapo ndipo Katekista alipokuwa mwizi. Nta ilikuwa ya mishumaa ya altare. Padri wa parokia alimkataza mara mbili. Yeye aliendelea kuondoka na vipande mfukoni, Jumamosi ileile aliyotufundisha kwamba tusiibe.

"Ile mushumaa ilimaliza kazi ya Mungu," aliniambia. "Sasa iko napumuzika kwangu."

Mdogo wangu Kyungu, aliyekuwa na mdomo kuliko darasa zima, aliinua mkono siku tuliyofundishwa kuhusu uongo.

"Katekista, na ile nswa yako ya kudanganya samaki?"

"Samaki haina roho."

"Kama haina roho, sasa unaidanganya namna gani?"

"Weye Kyungu, ikala chini."

Tulicheka, na yeye alicheka mwisho, kwa kuchelewa, kicheko chake kibaya kama cha mtu anayekohoa. Alikuwa mkali kwa watoto na mwoga kwa watu wazima. Mbele ya mtu mwenye sauti kubwa macho yake yalishuka chini, na maneno yote aliyokuwa nayo kanisani yalimkimbia. Nilimwona hivyo siku niliyomhitaji zaidi.

Baba yetu alikufa katika lori lililopinduka kwenye njia ya Kilwa, ile Kilwa yetu ya Katanga. Mama alimfuata mwaka uliofuata kwa ugonjwa wa kifua. Alipokuwa anakaribia kufa tulikuwa watu wawili kando ya kitanda, mimi na Katekista. Mama alisema neno moja tu lenye maana: watoto wasitenganishwe. Alilisema akinitazama mimi, kisha akamtazama yeye, na yeye akaitikia kwa kichwa.

Siku ya kumaliza matanga, baba mkubwa, kaka yake baba, aliyetoka Mitwaba, alisimama katikati ya uani na kutugawa. Kyungu aende naye Mitwaba. Mado, mdogo wetu wa miaka minne, aende kwa shangazi Likasi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, nitafutiwe mume. Nilisema hapana. Nilisema nitaacha shule na nitawalea.

"Utabakulisha nini?" aliniuliza. "Makala?"

Watu walicheka, kwa sababu tayari nilikuwa nauza makala, makaa ya kupikia, mbele ya parseli yetu, kiwanja cha nyumba. Nilimtazama Katekista. Alijua neno la mama; angelisema tu, wangemsikiliza, maana alikuwa mtu wa kanisa. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Bon," baba mkubwa alisema. "Ubaki nabo. Lakini siku nitasikia batoto balilala na njaa, nitakuya kubakamata."

Asubuhi yake, kabla sijawasha moto, nilimkuta Katekista mlangoni. Alishika makobo wawili, samaki wapana wa bwawani, waliopitishwa unyasi kwenye mashavu.

"Jana nilinyamaza," alisema.

"Nilikuona."

"Basi, kamata hizi."

Tangu siku hiyo alileta samaki mara tatu kwa wiki, kwa miaka miwili, na hakuwahi kuingia ndani. Alisimama mlangoni, akatoa samaki, akamwuliza Mado maswali ya katekisimu ambayo mtoto wa umri wake hakuweza kuyajibu, akaenda. Sikuwa na njia nyingine ya kupata nyama. Makala ilitupa unga na mafuta. Samaki ndio waliofanya barua za vitisho za baba mkubwa kutoka Mitwaba zibaki barua tu.

Lazima nieleze bwawa lenyewe. Liko chini ya mtaa wetu. Kijito kinacholijaza kinapita kwanza nyuma ya kiwanda kimoja cha kusafisha madini, na kuna siku maji yake yalikuja na rangi ya kutu, na mawe ya ukingoni yalikuwa na utando wa kijani ambao haukuwa majani. Tulijua. Hakuna mtu wa mtaa wetu aliyekula kabambale wa bwawa lile, yule samaki mwenye sharubu anayelala matopeni. Tulisema matope ndiyo yenye sumu. Na Katekista, ambaye maisha yake yote alivua juu ya maji, alikuwa na fundisho lake juu ya jambo hilo, na alilifundisha kwa sauti ileile ya Jumamosi.

"Samaki ya chini inakula kintu ya kiwanda," alisema. "Samaki ya juu inakula nswa. Nswa inatoka wapi? Inatoka mu hewa, inaanguka. Ni kintu ya Mungu. Sasa miye nakamata ile tu inapanda kukula juu. Unaona? Ile inafungua kinywa juu, ile iko safi."

Kwa hiyo mdudu wake hakuwa mchezo wala urithi wa padri tu. Aliamini kwamba alikuwa anachagua. Mwenye funza anashusha ndoana na kupokea chochote; yeye aliweka nswa juu, na samaki safi walijitenga wenyewe na wachafu. Niliamini pia. Mtu huyu alimzika mama yangu. Na nilihitaji iwe kweli.

Macho yake yalipoanza kufifia, alinifundisha kufunga. Nilinawa mikono ya makala mara mbili kabla ya kugusa uzi. Hakunisifu. Aliweka karai la maji katikati yetu na kumtupa kila nswa niliyemmaliza humo. Nswa akisimama juu ya miguu yake ya unyoya, Katekista alimchukua. Akilala upande, alimpasua kwa wembe na kunirudishia ndoana.

"Tena."

"Huyu alikuwa mzuri, Katekista."

"Muzuri kwako. Samaki haikusoma na weye."

Mwezi wa tatu wa kujifunza hakupasua hata mmoja. Niliacha shule bila cheti chochote, na sijawahi kuwa na fahari kama ile niliyokuwa nayo nikitazama nswa wangu kumi na wawili wamesimama katika karai.

Alinipeleka bwawani pia. Alikuwa na mwanzi mrefu na kamba aliyoisuka mwenyewe, nene katikati na nyembamba mwisho, imepakwa nta ya altare. Aliirusha mbele na nyuma juu ya kichwa, mbele na nyuma, mpaka wapita njia wakapiga kelele kwamba Katekista anachapa mashetani. Kisha aliiachia, na nswa akashuka juu ya maji kama kitu kilichochoka. Samaki alipopanda na kumchukua, kosa la kila mtu ni kuvuta mara moja.

"Usivute. Ngojea ifunge kinywa. Sema, 'Baba yetu uliye mbinguni,' kiisha inua mukono."

Ukisema haraka, samaki alitema. Ukisema mpaka "jina lako litukuzwe," alikuwa ameshagundua uongo na kwenda zake. Kipimo kilikuwa maneno manne yale tu, na kwa sauti ya mtu asiye na haraka.

Siku moja vijana wa chuo kikuu walikuja na chupa, wakachota maji ya bwawa, ya kijito, hata ya visima vyetu. Walirudi baada ya wiki kadhaa na kutuambia tusile samaki wa pale, wa aina yoyote. Jumapili ile watu walimzunguka Katekista nje ya kanisa kumwuliza.

"Bale batoto balipima mayi," alisema. "Habakupima nswa."

Watu waliitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa mbele yao, na niliitikia.

Mado alikuwa amefika miaka sita. Alianza kulalamika tumbo, si kila siku. Kisha akachoka kucheza. Alikaa ukutani akitazama wenzake wakiruka kamba. Pasaka ilipofika nilitoa gauni lake la mwaka uliopita nikamvalisha, na likamtosha vizuri, mikono na urefu, kama lilishonwa wiki ile. Nilifurahi. Nataka kulisema hilo jinsi lilivyokuwa: nilimgeuza mbele na nyuma, nikafurahi kwamba sitahitaji kutafuta gauni jingine.

Ni muuguzi wa zahanati aliyemtazama na kuuliza ana miaka mingapi, kisha akauliza tena kama hakusikia.

"Munakulaka nini?"

"Bukari, majani ya sombe, na samaki."

"Samaki ya wapi?"

Nilimwambia. Aliweka kalamu chini. Nikaeleza haraka, kama nilivyofundishwa, kwamba hatukula kabambale hata siku moja, kwamba samaki wetu walikuwa wa juu, wanaokula nswa tu.

"Ndiyo, mama," alisema taratibu. "Na inakunywaka mayi gani?"

Nilimbeba Mado mgongoni mpaka nyumbani kwa Katekista. Alikuwa uani, anapaka nta kamba yake. Nilirudia maneno ya muuguzi. Alisikiliza yote, kisha akasema haiwezekani.

"Miye nakula tangu zamani. Nitazame."

Nilimtazama. Nikamgeuza Mado ili Katekista naye amtazame. Hakuweza. Macho yalishuka kwenye viatu, kama siku ile ya matanga, na hayakupanda tena mpaka tukaondoka. Hakuja tena mlangoni kwetu, na jioni ile nilichoma nswa wote niliokuwa nao. Plastiki ya mabawa ilinuka nyumba nzima.

Baba mkubwa alikuja mwezi uliofuata. Muuguzi alikuwa amesema mtoto atolewe mahali pale, apate maji mengine, na Mitwaba ilikuwa mbali vya kutosha. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele zake. Hakupiga kelele. Alimwinua Mado, akampima uzito kwa mikono miwili, akamshusha.

"Hawakulala na njaa hata siku moja," nilimwambia.

"Najua," alisema. "Naona ile balikula."

Kyungu alifunga nguo zake bila kuniuliza. "Yaya, dada yangu, nitaenda naye," alisema. "Asibaki peke." Hivyo neno la mama lilitimizwa kwa nusu, na nusu iliyobaki ni mimi, katika nyumba yenye vitanda vitatu.

Miaka mitatu ilipita kabla sijaonana na Katekista uso kwa uso. Kanisani alikuwa amepewa msaidizi, kisha msaidizi akachukua nafasi yake. Watu walisema hatoki. Wengine walisema hana akili tena. Nilisikia na kupita.

Mwaka huu mvua ya kwanza ilinyesha usiku kucha, na asubuhi nswa walitoka kwa wingi ambao sikuwa nimeuona tangu utoto. Nilitoka na beseni kuwaokota upande wa chini, ambako ardhi ni laini, na nikamkuta. Alikuwa amekaa ukingoni juu ya ndoo iliyopinduliwa, na lile koti, ambalo sasa lingeweza kumzunguka mara mbili. Mwanzi ulikuwa magotini. Mbele yake, juu ya maji, nswa wa kweli walikuwa wanaanguka, na samaki wadogo wachache walikuwa wanapanda. Nswa wake alikuwa amelala upande, nusu amezama. Katika karai la zamani angempasua kwa wembe.

"Ni weye, mama?"

"Ni miye, Katekista."

Niliweka beseni chini, nikakaa kando yake. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, ikiletea mwanzi mtetemeko, na mwanzi ukiupeleka mpaka kwenye kamba.

"Mado iko namna gani?"

Miaka mitatu nilikuwa nimeitunza hasira kwa ajili ya swali hilo. Nilipolisikia nilijibu tu kilichokuwa kweli.

"Balinitumia foto yake. Anakomaa. Ile robe yake, ile gauni ya Pasaka, haimutoshi tena."

Alifumba macho. Alielewa upesi kuliko nilivyotaka: mtoto ametolewa kwenye maji haya, na mtoto amekua.

"Aksanti kwa Mungu," alisema. Kisha akafumbua macho: "Miye niliendelea kukula. Kila siku. Nilisema, kama ni samaki ilimuharibu mutoto, itaniharibu na miye. Nikibaki muzima, ni kusema haikuwa miye."

"Na sasa?"

Aliinua mikono ili niione.

"Sasa unajua, Katekista. Uache."

"Siwezi kuacha. Ile ilikuwa kutafuta kujua. Hii ingine ni kitubio."

"Nani alikupatia hiyo kitubio? Padri?"

"Miye mwenyewe."

Alisukuma kwa mguu boksi la bati nililolifahamu, lenye koleo, uzi na kitabu chake cha nyimbo. "Sioni tena, na mikono inakataa. Ile nafunga inazama. Unifungie moya tu, ya muzuri. Samaki inapandaka siku ya leo."

Nilijua ananiomba nini. Alikuwa amebakiwa na mwili mdogo sana, na alitaka nimsaidie kuumaliza, kwa mikono aliyoifundisha mwenyewe.

Nilinawa kwa maji ya chupa yangu. Koleo lilikuwa lilelile, mpira umebadilishwa. Nilikata kipande cha sapatu, nikafunga uzi, nikaweka mabawa. Nilifungua kitabu cha nyimbo, na unyoya mwekundu uliobaki ulikuwa mmoja. Nikauzungusha mara tano. Vidole vyangu havikuwa vimesahau kitu. Nikapaka nta, nikamweka juu ya kiganja, akasimama kwa miguu yake yote. Sijawahi kufunga mwingine kama yule.

Kisha nikalifungua koleo, nikaibana ndoana pale inapoanza kupinda, nikakata. Ncha ilianguka majanini.

Nilimfunga nswa kwenye kamba na kumwekea Katekista mkononi. Alimpapasa taratibu: mabawa, unyoya, mwili. Kidole gumba kilifika chini ya tumbo, kikatafuta, kikarudi, kikatafuta tena.

"Hii haitakamata kintu," alisema.

"Haitakamata."

Wingu lilikuwa linapita juu ya bwawa, na nswa waliendelea kuanguka.

"Saa ya kukula nitakuletea bukari na sombe," nilimwambia. "Na kesho. Nitasimama ku mulango, sitaingia."

Alisimama kwa shida, nami nikamshika kiwiko. Akaipeleka kamba nyuma, akaileta mbele, nyuma, mbele, na hewani mikono yake haikutetemeka. Nswa alishuka katikati ya nswa wengine, akasimama juu ya maji, na mimi mwenyewe nikampoteza kati yao. Makobo mmoja alipanda, akafungua kinywa, akamchukua.

"Baba yetu uliye mbinguni," Katekista alisema, bila haraka, akainua mkono.

Kamba ilirudi nyepesi. Pale samaki alipokuwa maji yalizunguka kidogo, yakafunga. Akairusha tena.